Land Rover ya jeshi ya marehemu baba: nitie injini ya Isuzu au niiache ilivyo?

Mwana_wa_Keringet:
Habari zenu wadau. Baba alituaga mwaka jana akatuachia Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, ya petroli. Aliinunua mwaka 1989 kwenye mnada wa magari ya jeshi, na tangu hapo ndiyo iliyotulea. Imebeba maziwa, imebeba pareto mpaka Nakuru, imebeba viazi, maharusi na majeneza ya kijiji kizima. Baba mwenyewe tulimpeleka kaburini nayo.

Sasa inachemka. Nikitoka Keringet, kabla sijafika Molo mshale umeshaingia kwenye nyekundu. Fundi wangu wa Nakuru anasema injini imechoka, tuitoe tuweke 4JB1 ya Isuzu, dizeli, pamoja na giaboksi yake. Laki mbili na nusu, kazi na vifaa. Akiwa humo humo anataka kukata vile vishikio viwili vya bunduki vilivyo kati ya viti vya mbele, maana mkono wa gia mpya utatokea hapo hapo.

Kaka yangu mkubwa anasema kata, gari ni chombo cha kazi. Mama hasemi kitu, anainuka tu mezani. Baba alikuwa anaweka fimbo yake kwenye vishikio hivyo. Mpira wa ndani umelika ukachukua umbo la fimbo. Nifanyeje?

Fundi_Elburgon:
Pole kwa msiba. Weka Isuzu, usipoteze muda. Nimeshatia injini za Isuzu na Nissan TD27 kwenye Landi nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na wenye nazo wanalala usingizi. Petroli ile ya lita 2.25 ukipanda nayo Mau na mzigo inakula lita moja kwa kilomita tano. Viazi vya nani vitalipa mafuta hayo?

DadaSpana_Kisumu:
Pole sana kaka. Kabla hujatoa hata shilingi, naomba nikuulize: nani amepima hiyo injini? Kuchemka ni homa tu, ugonjwa wenyewe uko kwingine. Rejeta ikiziba, inachemka. Thamostati ikikwama, inachemka. Moto wa plagi ukichelewa, inachemka. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kichwa cha injini, ikipasuka, inachemka. Na kuna siku niliifanyia kazi moja hapa Kisumu iliyomshinda mwenyewe miezi minne, kumbe feni ilirudishwa kinyume baada ya kubadilishwa pampu ya maji. Ilikuwa inazunguka vizuri kabisa lakini upepo hauvuti.

Fundi anayesema "imechoka" bila kushika geji mkononi, mimi simpi gari.

Askari_Mstaafu:
Kijana wangu, hivyo vishikio usikubali vikatwe. Nimeendesha hizo gari miaka kumi na minane. Nyingine zilikuja zimeandaliwa kwa redio, hizo umeme wake ni volti 24 badala ya 12, na utaona boksi la betri. Angalia kama ya baba yako ina matangi mawili ya mafuta, moja chini ya kila kiti cha mbele. Angalia pia bampa ya nyuma: zetu zilikuwa na vipande viwili vifupi vya chuma huku na huku, kwa ajili ya kufungia minyororo. Ukivikuta vyote hivyo, una gari ambalo halijaguswa sana. Siku hizi ni adimu.

Mwana_wa_Keringet:
Mzee, shikamoo. Matangi ni mawili, ndiyo. Vipande vya bampa vipo, kimoja kimekunjwa na mti wa mkaratusi mwaka 2003, mimi nilikuwa ndani. Betri ni moja tu ya volti 12.

DadaSpana, hakuna aliyepima. Alisikiliza tu, akafungua kifuniko cha mafuta, akatikisa kichwa.

Mkusanyaji_Njoro:
Alitikisa kichwa! Basi siku hizi hicho ndicho kipimo cha kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa.

Mdau, mimi ni wa upande wa kuacha ilivyo na sitajificha. Series III ilitoka 1971 ikaisha 1985. Hakuna nyingine zitakazotengenezwa. Bodi ni alumini, haili kutu, ndiyo maana bado tunaziona. Kinachokufa ni chasisi. Kila mwaka naona moja nzuri inaingia jua kali ikitoka na injini ya pikapu, taa za mraba, viti vya matatu na grili ya kuchomelea. Baada ya hapo haina jina. Siyo Land Rover, siyo Isuzu.

Kapsokwony_Express:
Mkusanyaji, nakuheshimu, lakini wewe gari lako linalala gereji chini ya shuka. Mimi ninazo tatu zinapanda Mlima Elgon kila siku, abiria ndani na magunia juu. Mvua ya mwezi wa nne ikishika udongo ule mwekundu, hakuna kingine kinachopanda. Zote tatu nimeshazitoa injini. Kama ningeziacha za petroli, watu wa huku juu wangekuwa wanashuka kwa miguu.

Lakini nimwambie mwenye uzi kile ambacho mafundi hawakisemi. Injini mpya yenye nguvu haivunjiki yenyewe, inavunja kinachofuata. Mwaka wa kwanza nilivunja shafti za nyuma, zile zinazozungusha magurudumu, mara tano. Shafti zile zilitengenezwa kwa nguvu za injini ya zamani, ukizipa dizeli ya lita 2.8 kwenye tope zinakatika kama muwa. Sasa hivi kila gari linatembea na shafti mbili za akiba chini ya kiti. Ukihesabu laki mbili na nusu, hesabu na hizo.

Fundi_Elburgon:
Kapsokwony hapo sikupingi. Lakini shafti zinakatika kwa sababu dereva anaachia klachi kwa hasira. Wangu hawakati.

Kapsokwony_Express:
Njoo Kapsokwony mwezi wa nne uendeshe wewe.

Mjukuu_wa_KAR:
Naomba nitoke kidogo kwenye gari niingie kwenye hivyo vishikio vyenyewe, maana vimenikumbusha jambo.

Babu yangu, mtu wa Webuye, alikuwa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Mwaka 1944 walipita bonde la Kabaw kule Burma, kwenye tope na malaria, mpaka Kalewa. Vita vilipoisha alirudisha bunduki yake ghalani kama kila askari, lakini namba yake alibaki nayo kichwani. Amekufa akiwa na zaidi ya miaka 80 na bado alikuwa anaitaja, tarakimu kwa tarakimu, kwa Kiingereza cha kijeshi. Sisi wajukuu tulikuwa tunamwomba aiseme kama wimbo.

Nilipokua nikasoma habari za bunduki zile, Lee-Enfield za .303. Namba ilipigwa kwenye mwili wa bunduki na ikapigwa tena kwenye bolti, ile komeo inayofunga risasi ndani, kwa sababu bolti ile ililinganishwa na mwili ule. Ukikuta namba mbili tofauti, unajua bunduki imechanganywa. Baada ya vita nyingi sana ziliuzwa kwa raia huko Uingereza, Kanada na Australia kwa bei ya chini. Wawindaji wakazikata mbao za mbele ziwe nyepesi, wakatoboa mwili waweke darubini, wakapiga msasa kitako mpaka mihuri ya jeshi ikafutika. Hakuna aliyeona ubaya, zilikuwa nyingi kama majembe. Leo wakusanyaji wanatafuta ile iliyobaki na mbao zake, mihuri yake na namba zinazolingana. Iliyokatwa haikaribii bei yake. Na mbao ikishakatwa haioti tena.

Ndiyo maana nasema, mwambie fundi aweke msumeno chini.

Fundi_Elburgon:
Hadithi nzuri, na babu yako Mungu amrehemu. Lakini ile bunduki iliyokatwa ililisha watu. Mtu wa shambani miaka ya hamsini alihitaji nyama na alihitaji kitu chepesi begani, hakuhitaji kumbukumbu. Yule aliyeiacha nzima kabatini alikuwa na pesa za kununua nyingine. Mnazungumza kama vile waliokata walikuwa wajinga.

Mjukuu_wa_KAR:
Sijasema wajinga. Nimesema haioti tena.

Askari_Mstaafu:
Na hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo bunduki iliyokatwa iwe ya kuwindia ilipoteza kazi yake mpya na ya zamani haina tena. Hilo pia ni la kufikiria. Ukibadilisha kitu kwa ajili ya kazi ya leo, kazi yenyewe inaweza kwisha kabla ya kitu. Baba yako alibeba pareto. Pareto iko wapi sasa? Je, kama angekuwa ameikata gari ile mwaka 1990 iwe ya pareto tu?

Na vijana wasomaji: bunduki hapa Kenya ni leseni, na hata mwenye leseni hapeleki kwa fundi wa vyuma. Tusichanganye mambo.

Wakili_wa_Mtaa:
Nimefika kuuliza swali kavu. Mwenye uzi, namba ya injini kwenye logbuku, ile hati ya umiliki, inalingana na iliyo kwenye injini? Kubadilisha injini lazima NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, waandikishe, gari likaguliwe, logbuku irekebishwe. Nimeona mtu amekwama kuuza gari, mwingine bima imemsumbua baada ya ajali, kwa sababu tu fundi alitia injini na hakuna aliyeandika popote. Anza na hapo kabla ya mapenzi ya gari.

Mwana_wa_Keringet:
Wadau, nimetoka nje na tochi saa hii. Namba ya chasisi nimeipata mahali ambapo mzee mmoja wa mnada, jirani yetu, alinionyesha zamani, kwenye ncha ya chasisi mbele upande wa kulia, hapo springi inaposhikwa. Inalingana na logbuku. Namba ya injini nimeisugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, ubavuni kwa juu, mbele karibu na bomba la moshi.

Hailingani. Tarakimu nne za mwisho ni tofauti.

Mkusanyaji_Njoro:
Lo.

Fundi_Elburgon:
Basi uzi umekwisha. Mnapigania injini ya asili ambayo siyo ya asili.

DadaSpana_Kisumu:
Haujaisha, ndiyo kwanza umeanza kunoga. Tarakimu za mwanzo zikoje? Zinalingana na za logbuku?

Mwana_wa_Keringet:
Za mwanzo zinalingana. Nne za mwisho ndizo zinatofautiana.

DadaSpana_Kisumu:
Basi ni injini ya aina ile ile. Mtu alitoa petroli ya 2.25 akarudisha petroli ya 2.25. Swali ni nani.

Askari_Mstaafu:
Jeshi. Sisi karakana ilikuwa inatoa injini iliyoharibika, inaweka iliyokwisha kufanyiwa matengenezo, gari linarudi barabarani siku ile ile. Ile mbovu inatengenezwa inasubiri gari jingine. Injini zilikuwa zinahama kama askari. Kwa hiyo hata kwa jeshi, "asili" ilikuwa chasisi na bodi.

Wakili_wa_Mtaa:
Mzee, samahani, hapo nina shaka. Logbuku ya raia iliandikwa 1989 baada ya mnada. Kama jeshi ndilo lililobadilisha, karani angeandika namba iliyokuwemo siku hiyo. Tofauti imetokea baada ya 1989.

Askari_Mstaafu:
Wewe unaamini karani alitambaa chini ya boneti akasugua namba? Alinakili karatasi za jeshi, na karatasi zilikuwa za injini iliyotangulia. Nimeona hayo kwa macho yangu.

Mkusanyaji_Njoro:
Au karani alikosea kuandika. Tarakimu nne lakini? Moja sawa, mbili labda.

Mwana_wa_Keringet:
Nimemuuliza mama asubuhi hii. Ameniambia jambo ambalo sikulijua. Anasema mwaka ule tuliopata mapacha, yaani 1994, baba alipeleka gari Kitale likakaa majuma mawili, akarudi nalo "linanguruma vingine". Hakumwambia lilifanywa nini. Mwaka huo huo aliuza ng'ombe wawili wa maziwa, na mama mpaka leo alidhani pesa zilikwenda kwa karo.

Kwa hiyo huenda ni baba mwenyewe. Na kama ni baba, basi alitafuta injini ya aina ile ile mpaka Kitale, wakati hata miaka hiyo watu walikuwa wanaweka dizeli.

Kapsokwony_Express:
1994 spea za petroli Kitale zilikuwa rahisi, mashamba ya mahindi yalikuwa na Landi nyingi zinavunjwa. Usimpe mzee sifa zaidi ya alizostahili, labda ndiyo iliyokuwa karibu na ya bei nafuu.

Mjukuu_wa_KAR:
Au labda aliipenda ilivyo. Yote mawili yanawezekana na mwenyewe hayupo wa kuulizwa.

Fundi_Elburgon:
Mwana, nikuulize kama kaka. Kama baba yako alibadilisha injini kwa sababu ya kazi, wewe kubadilisha kwa sababu ya kazi unamkosea wapi?

DadaSpana_Kisumu:
Fundi, hilo ni swali la haki kabisa na mimi silijibu. Ninachosema ni kimoja: kinachofunguliwa kwa spana kitarudishwa kwa spana. Injini ya petroli ikitoka, ipakwe grisi, izibwe matundu, iwekwe juu ya mbao. Lakini vishikio, sakafu na ule ukuta wa katikati ya viti visiguswe na msumeno. Kuna njia ya kutumia giaboksi ile ile ya Land Rover. Injini ya 200Tdi, ya Land Rover wenyewe, inafungwa kwenye giaboksi hiyo bila kukata mkono wa gia wala sakafu. Ni dizeli ya lita 2.5. Tatizo ni kuipata iliyo nzima.

Kapsokwony_Express:
Dada, kila mtu husema ataiweka injini juu ya mbao. Mimi nilisema hivyo mara tatu. Mbili ziliuzwa kama vyuma chakavu nikiwa safarini, ya tatu kuku wanatagia ndani yake.

Mkusanyaji_Njoro:
Kabla ya Tdi na kabla ya kuku, tupime. Niko Njoro, nina geji ya kompresheni, Jumapili baada ya kanisa nakuja Keringet. Mama achemshe chai tu.

Mwana_wa_Keringet:
Karibu sana kaka. Chai ipo, na viazi vya kuchemsha.

*(Jumapili jioni)*

Mwana_wa_Keringet:
Tumepima, injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, mguu chini kwenye mafuta. Geji inasoma kwa psi, kipimo cha mgandamizo: silinda ya kwanza 118, ya pili 115, ya tatu 70, ya nne 72. Mkusanyaji amenyamaza kama mtu aliyeona nyoka, anakunywa chai.

Fundi_Elburgon:
Nilisema. Hata hizo mbili nzuri ni mbovu, injini iliyo na afya inatakiwa isome 150 na zaidi. Imekwisha.

DadaSpana_Kisumu:
Hapana Fundi, 150 ni kwa mtu aliye kando ya bahari. Kijana yuko Mau, zaidi ya mita 2,000 juu, hewa ni nyepesi na silinda haina cha kubana. Hapa Kisumu kwenyewe, mita 1,131, hatupati namba za kitabu. 118 huko kwenu ni afya. Na kama anatumia jeti za kabureta za kiwanda, vile vitundu vya kupitishia petroli, huko juu inakunywa petroli kupita kiasi, ndiyo maana ya kilomita tano kwa lita.

Angalia za tatu na nne: zote mbili chini, karibu sawa, na ni majirani. Mimi naona gasketi ya hedi imepasuka kwenye kijia kilicho katikati yao. Ingekuwa pete za pistoni zingekuwa hovyo hovyo.

Kapsokwony_Express:
Au valvu. Tangu petroli yenye madini ya risasi iondolewe sokoni, hedi hizi za zamani viti vya valvu vinaliwa taratibu.

Mkusanyaji_Njoro:
Nimemaliza chai. Hilo la petroli ya risasi tumelisikia miaka mingi, na gari langu limetumia isiyo na risasi tu tangu nilipolipata 2009, valvu bado zinakaa. Lakini siwezi kuapa kwa gari la mtu mwingine linalobeba tani. Tulimwaga oili kidogo ndani ya silinda ya tatu tukapima tena. 74. Haikupanda, kwa hiyo siyo pete. Kati ya gasketi na valvu sijui ni ipi.

Fundi_Elburgon:
Kama oili haikupandisha, haya, siyo pete. Hapo nakubali. Lakini hedi lazima ing'oke vyovyote.

Wakili_wa_Mtaa:
Na ikiwa hedi inang'oka, piga picha ya namba ya injini kabla haijafunikwa tena na uchafu. Utaihitaji NTSA, iwe unabaki na hii au unaweka nyingine. Kwa sasa unaendesha gari lisilolingana na karatasi zake, na hilo halina upande wa mapenzi.

Mwana_wa_Keringet:
Nimepiga. Kaka mkubwa amesoma uzi huu wote kwenye simu yangu. Anasema gasketi tuinunue, lakini ikifika msimu wa viazi bado inachemka yeye mwenyewe ataipeleka Nakuru kwa Isuzu. Sijamjibu. Yule fundi nimempigia nikamwambia asubiri, amekasirika kidogo.

Tunafungua Jumamosi. Nina seti ya spana za milimita tu, zinatosha?

Fundi_Elburgon:
Usithubutu! Nati zote humo ni za inchi. Ukilazimisha ya milimita utazivika mviringo na boliti za hedi zikikatikia ndani ndipo utamjua Mungu. Baba yako lazima alikuwa na zake, tafuta chini ya kiti cha abiria, kwenye boksi la bati. Zikikosekana, mimi Jumamosi niko Molo mpaka saa sita, pitia uchukue zangu. Zirudi Jumatatu.

Mwana_wa_Keringet:
Boksi lipo. Spana tisa zimefungwa kwenye kipande cha gunia la KCC, moja haipo, ya nusu inchi.

Fundi_Elburgon:
Ya nusu inchi ndiyo utakayoihitaji zaidi. Basi pitia.